Kuchagua muuzaji wa IPS kiwandani: nisaidieni kabla sijasaini

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba msaada wenu kwa jambo linaloninyima usingizi.

Mimi ni mtu wa mtandao, si wa mitambo. Kiwanda ninachofanyia kazi kina laini nne za uzalishaji, PLC (kompyuta ndogo zinazoendesha mitambo) zipatazo 40 za watengenezaji watatu tofauti, na kompyuta za opereta ambazo nyingi bado ziko kwenye Windows 7. Moja, ile ya mzani wa kupakilia, ni Windows XP. Programu ya mzani haikubali kitu kingine, na aliyeiandika hapatikani tena. Uongozi umeagiza tufunge mfumo wa kuzuia uvamizi, yaani IPS, kati ya mtandao wa ofisi na mtandao wa mitambo, na kazi ya kuchagua muuzaji nimekabidhiwa mimi.

Zabuni tatu ziko mezani. Ya kwanza ni ya kampuni kubwa ya faiawoli (ukuta wa kuchuja mawasiliano ya mtandao) ambayo tayari tunaitumia ofisini. Ya pili ni ya kampuni inayotengeneza vifaa vya viwandani tu. Ya tatu ni ya mkandarasi anayetaka kutufungia Suricata, programu huria ya IPS, kwenye kompyuta ya viwandani isiyo na feni. Nimezipanga kwenye jedwali: kasi, idadi ya saini (alama za kutambua mashambulizi yanayojulikana), gharama, miaka ya leseni. Kwa jedwali hilo ya kwanza inashinda kwa mbali. Lakini kila nikienda kuongea na mafundi wa mitambo wananitazama kama mtu aliyekuja kuwazimia kiwanda. Kuna kitu sikioni. Ni kipi?

Msomapakiti

Mkuu, mafundi wako wana haki. Nasema hivyo kwa sababu mimi niliwahi kusimamisha uzalishaji kwa kifaa cha aina hiyohiyo.

Tulikifunga kati ya seva ya fomula na PLC za matangi ya kuchanganyia. Muuzaji alitushauri tukiache kijifunze kwa siku 14: kisikilize nani anaongea na nani, kwa amri zipi, kisha kijitungie orodha ya yanayoruhusiwa. Siku 14 zikaisha salama, tukakitoa kwenye kusikiliza tukakiweka kwenye kuzuia. Taa zote kijani.

Siku ya tisa baada ya hapo, saa nane usiku, zamu ikabadilisha bidhaa. Ile ya zamani ilikuwa inachemshwa hadi nyuzi 82, mpya inatakiwa 64 tu. Opereta akachagua fomula mpya kwenye skrini, seva ikatuma amri namba 16 ya Modbus, lugha ya kuongea na PLC; ni ile ya kuandika rejista (visanduku vya namba ndani ya PLC) nyingi kwa mpigo. Katika zile siku 14 hakuna aliyebadilisha bidhaa. Kifaa hakikuwa kimewahi kuiona amri 16 ikitoka kwenye seva ile, kikaitupa kimyakimya, bila kukata muunganisho.

Sasa fikiria TCP, utaratibu wa mtandao wa kusafirisha pakiti kwa mpangilio, inafanya nini hapo. Pakiti ikipotea, mtumaji anairudia na kuirudia, na zote zilizo nyuma yake kwenye muunganisho uleule zinasubiri. Kwa hiyo hata kusoma kulikwama. Skrini iliganda kwenye nyuzi 41, juu yake jina la fomula mpya, kando yake 64 kama kiwango kilichowekwa. PLC haikuwa na habari yoyote ya hiyo 64, iliendelea kufungulia mvuke kuelekea 82. Aliyetuokoa ni opereta, mama mmoja wa miaka mingi kazini, aliyeona ajabu kwamba namba haichezi hata kidogo. Alipanda ngazi akatazama kipimajoto cha sindano kilicho ubavuni mwa tangi, akakuta sindano iko 70 na inapanda. Akafunga vali ya mvuke kwa mkono.

Hakuna aliyeumia, ila bechi ilimwagwa. Fundi umeme akachomoa kebo zote mbili za kifaa, akaunganisha swichi na swichi, kazi ikaendelea. Muuzaji tulimpigia usiku uleule tukapewa namba ya tikiti. Jibu la kwanza lilikuja baada ya saa 11: tutumieni logi.

Kifaa hakikuwa na hitilafu. Kilifanya kilichoagizwa. Ndiyo maana nakwambia jedwali lako linapima kifaa kikiwa kimepatia. Mpime muuzaji kwa yanayotokea kifaa chake kinapokosea, kinapozimika na kinapozeeka. Hapo ndipo utakapoona wanavyotofautiana.

Anza na hizo saini ambazo wanajivunia wingi wake. Sehemu kubwa ni za seva za tovuti, barua pepe na hifadhidata. Muulize: kwenye Modbus unaona nini? Akijibu "tunautambua mlango 502", ujue anakuuzia faiawoli ya kawaida. Modbus ilitengenezwa na Modicon mwaka 1979, haina nenosiri wala njia yoyote ya kuthibitisha anayeamuru ni nani. Anayefika mlangoni anatiiwa. Kwa hiyo cha maana kiko ndani ya pakiti: amri 3 inasoma, 6 inaandika rejista moja, 16 inaandika nyingi. Mwambie akuonyeshe kwa macho yako, kwenye PLC yako ya akiba, kwamba kompyuta fulani inasoma kila kitu, inaandika rejista 100 hadi 120, na ikigusa ya 121 inakataliwa. Halafu arudie zoezi hilo kwa PLC za Siemens kwenye mlango 102 na kwa EtherNet/IP, lugha nyingine ya mitambo, kwenye 44818. Wengi hapo ndipo wanapoanza kukuahidi toleo lijalo.

Na kama mna PROFINET, nayo lugha ya mitambo, data zake za wakati halisi hazipiti kwenye IP kabisa. Zinakwenda moja kwa moja juu ya Etheneti kwa alama 0x8892. Usimruhusu mtu yeyote aweke kifaa kati ya PLC na vihisi vyake au mota zake. IPS ikae juu zaidi, baina ya kanda na kanda za mtandao, jinsi IEC 62443, kiwango cha kimataifa cha usalama wa mitandao ya viwandani, kinavyogawa.

FundiZamu

Mimi ni wa upande wa pili, nimekaa na PLC miaka mingi, na naomba kupinga. Kisa cha Msomapakiti kinatosha kunishawishi kwamba kifaa kinachoweza kutupa amri hakina nafasi kwenye mtandao wangu. Chukueni nakala ya pakiti kutoka kwenye swichi, mpeni mfumo wa kugundua tu, usikilize, upige kengele, mtu aamue. Kampuni kama Nozomi, Claroty na Dragos zimejengeka zaidi kwa njia hiyo ya kusikiliza, na kuna sababu. Kwenu ofisini pakiti ikikataliwa mtu anabonyeza tena. Kwetu kuna mvuke, kuna mikono ya watu.

Tena mambo mengi yanayookoa hayauzwi na muuzaji yeyote. Shambulio la Triton la mwaka 2017, kwenye kiwanda cha kemikali za mafuta Saudi Arabia, lililenga vidhibiti vya usalama vya Triconex, vile vya kuzima mtambo kabla haujalipuka. Wavamizi waliweza kuandika programu yao kwa sababu ufunguo wa kidhibiti ulikuwa umeachwa kwenye nafasi ya kuprogramu. Ufunguo wa chuma, wa kuzungusha kwa vidole. Mleta mada, kabla ya kusaini chochote, pita kwenye makabati yako uone funguo ziko nafasi gani.

Msomapakiti

FundiZamu, kuhusu funguo nakuunga mkono asilimia mia. Na mfumo wa usalama usiwe kabisa kwenye njia moja na mambo haya.

Lakini kusikiliza peke yake kuna gharama yake. WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia, ilianza kusambaa tarehe 12 Mei 2017. Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka, MS17-010, tangu Machi ya mwaka huo. Renault walilazimika kusimamisha uzalishaji katika baadhi ya viwanda vyao. Mwezi uliofuata Honda wakasimamisha kiwanda cha Sayama kwa siku moja. Agosti 2018, zaidi ya mwaka baadaye, TSMC wakapigwa na aina ya kirusi hichohicho, kilichoingia na mashine mpya wakati wa kuifunga. Kirusi cha namna hiyo kinaruka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubonyeza chochote. Kengele ikilia na mtu akatoka kitandani kuja kuitazama, kimeshamaliza zamu nzima.

Na ile XP ya mzani haitapata kiraka. Msaada wake uliisha tarehe 8 Aprili 2014, wa Windows 7 ukaisha tarehe 14 Januari 2020. Kompyuta usiyoweza kuitibu inabidi uizibie njia kwa mbele, na hiyo ndiyo kazi halali ya IPS kiwandani.

Kwa hiyo mimi siku hizi nazigawa sheria mafungu mawili, na muuzaji asiyeweza kunigawia hivyo simchukui. Fungu la kwanza ni mashambulizi ya Windows yanayojulikana: kushirikiana mafaili kati ya kanda na kanda, kuingia kwa mbali kusikoruhusiwa, minyoo (virusi vinavyojisambaza vyenyewe). Haya yazuiwe tangu siku ya kwanza, hakuna PLC inayoyahitaji ili ifanye kazi. Fungu la pili ni amri za mitambo, kuandika rejista, kupakia programu kwenye PLC, kusimamisha PLC. Haya yapigiwe kengele tu, bila kuzuiwa, mpaka mafundi wa mitambo wenyewe waseme, sheria moja baada ya nyingine, "hii nimeielewa, izuie". Saini ya ruhusa iwe ya FundiZamu, isiwe yangu.

FundiZamu

Hapo tunaelewana. Ukiniachia saini ya fungu la pili, mimi sina ugomvi na la kwanza.

Niongeze moja: nani ana ruhusa ya kukitoa kifaa njiani saa nane usiku? Kwenu fundi umeme alichomoa kebo kwa akili yake. Je, angechomoa isiyo yake? Nataka swichi ya ufunguo ya baipasi, yaani ya kupitisha mawasiliano bila kupita kwenye kifaa, mlangoni mwa kabati, kadi iliyopakwa plastiki inayosema nani anaigeuza na anampigia nani baadaye. Muuzaji anayekwambia baipasi inafanyika kwa kuingia kwenye ukurasa wa usimamizi na nenosiri la mhandisi aliyelala nyumbani, huyo hajawahi kukaa kiwandani.

Kebo24

Nimekuja kwa upande wa vyuma, maana wengi mnausahau.

Kifaa cha chumba cha seva mkikiweka kwenye kabati la laini, feni itavuta vumbi na miezi michache baadaye mnazika. Uliza: kinashika kwenye reli ya DIN ya milimita 35? Kinakula volti 24 za moja kwa moja, tena kwa njia mbili za umeme? Hakina feni? Kinavumilia joto gani, likiwa limepimwa ndani ya kabati lililofungwa? Wakubwa wa faiawoli nao wana vifaa vya namna hii: Fortinet wana familia ya Rugged, Cisco wana ISA3000, Palo Alto na Check Point nao wana matoleo yao ya viwandani. TXOne ilianzishwa na Trend Micro kwa kushirikiana na Moxa, mahususi kwa viwanda. Kwa hiyo jina la kampuni halikwambii kitu. Angalia namba ya modeli iliyoandikwa kwenye zabuni yako. Nimeona mara nyingi maelezo yanasifia modeli ya kiwandani huku orodha ya bei ikiwa na ya ofisini.

Suala la Suricata: msiidharau kwa kuwa haina leseni ya kulipia. Inasoma Modbus, EtherNet/IP na DNP3, nayo lugha ya mitambo. Snort, programu huria ya aina hiyohiyo iliyoandikwa na Martin Roesch mwaka 1998, ndiyo iliyozaa kampuni ya Sourcefire ambayo Cisco waliinunua mwaka 2013. Injini si tatizo. Swali ni je, mkandarasi huyo akiondoka, nani kiwandani kwenu ataandika sheria, ataijaribu na ataiamkia usiku? Kama jibu ni "mimi peke yangu", mleta mada, jihurumie.

Na masasisho! Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Ile haikuwa IPS, lakini somo ni letu pia: kitu kinachokaa njiani na kupokea masasisho yenyewe kutoka nje kinaweza kukusimamisha siku ambayo hakuna mvamizi. Dai haki ya kuchelewesha saini, kuzijaribu kwenye kifaa cha pembeni, na kurudisha toleo la jana kwa hatua moja. Dai pia iwezekane kuziingiza bila kifaa kugusa intaneti.

Msomapakiti

Kebo24 amenikumbusha. Kifaa chenyewe ni kompyuta, kina mashimo yake. Shirika la CISA la Marekani linaweka hadharani orodha ya dosari ambazo tayari zinatumiwa na wavamizi. Ingiza jina la kila muuzaji mle. Utawakuta wakubwa karibu wote, kwa hiyo kuwemo tu hakumfungi mtu. Unachotafuta ni alichukua muda gani kutoa kiraka, alisema wazi au alificha, na je, ukurasa wa usimamizi wa kifaa unaweza kufungwa kwenye tundu lake la pekee lisiloonekana na upande wa ofisi.

Na rekodi pakiti zako mwenyewe kabla ya majaribio. Urefu wa kurekodi usipangwe na muuzaji, upangwe na ratiba ya uzalishaji: kila bidhaa ibadilishwe angalau mara moja, matengenezo ya mwisho wa mwezi yafanyike, kiwanda kizimwe na kuwashwa. Siku zetu 14 zilikuwa namba ya muuzaji. Mzunguko wa kiwanda chetu ulikuwa wiki sita.

Mleta mada

Wakuu, nimerudi baada ya wiki saba. Sijapotea, nilikuwa nafanya mliyoniambia.

Funguo kwanza. Kati ya PLC 40, tisa zilikuwa kwenye nafasi ya kuprogramu. Mbili funguo zimo, zinaning'inia na vumbi juu yake. FundiZamu, asante sana.

Kurekodi kulinichukua wiki tano, na ndani yake mabadiliko yote ya bidhaa yamo. Kilichonishtua hakikuwa amri. Kwenye laini ya tatu nilikuta anwani inayoongea na mashine ya kufungashia ambayo haipo kwenye orodha yangu yoyote. Nikafuata kebo kwa mkono mpaka nyuma ya mashine, nikakuta ruta ndogo ya mtandao wa simu yenye laini yake mwenyewe. Iliwekwa na waliotuuzia mashine, ili waihudumie kwa mbali. Taa zake zinawaka. Hakuna aliyejua. Hata ningenunua IPS ya bei kubwa kuliko zote na kuiweka kati ya ofisi na mitambo, mlango huu ungebaki wazi nyuma ya mgongo wake. Tumeizima, na mwenye mashine sasa anapita kwenye njia yetu kwa miadi.

Majaribio tuliyafanya kwenye meza na PLC ya akiba, mafundi wawili wa zamu wakiwepo. Kampuni kubwa ya faiawoli: tulipochomoa umeme, njia ilikatika na kubaki imekatika. Umeme uliporudi kilichukua karibu dakika tatu kuamka. Modeli waliyotuandikia haina baipasi, yenye baipasi ipo lakini ni nyingine, kama Kebo24 alivyosema. Kwenye Modbus walifanya vizuri, kwenye EtherNet/IP waliweza kufungua au kufunga mlango basi. Kampuni ya viwandani: tulipochomoa umeme ulisikika mlio mdogo wa relei ya baipasi, zikapotea pakiti mbili, PLC haikutambua kitu. Jaribio la rejista 121 walifaulu mbele yetu. Udhaifu wao ni ripoti, ni za kizamani na logi zao tunalazimika kuzisafirisha kwenye seva yetu ili zisomeke. Mkandarasi wa Suricata alifanya kazi nzuri kuliko nilivyotegemea, baipasi ya kadi yake ilifanya kazi, ila kila swali la usiku jibu lilikuwa namba ya simu ya mtu mmoja.

Usiku niliwapigia wote watatu simu ya msaada bila kuwaambia, saa nane. Mmoja tu alipokea mtu anayejua PLC ni nini. Ni yuleyule wa relei.

FundiZamu

Kwa hiyo umemchukua huyo?

Mleta mada

Ndiyo, wa pili, mkuu. Suricata nayo tunaibakiza, kwa kusikiliza tu, kwenye nakala ya pakiti za laini zote, ili tuwe na jicho la pili lisilomtegemea muuzaji.

Kebo24

Mkataba umeuandikaje? Hapo ndipo watu wanapojisahau.

Mleta mada

Malipo ya mwisho yanatoka baada ya bidhaa zote kubadilishwa mara moja kifaa kikiwa kwenye kuzuia, bila amri halali hata moja kukataliwa. Kifaa cha akiba kiko stoo kwetu, kimeshapangwa, si kwao. Tarehe ya mwisho ya msaada imeandikwa, pamoja na wajibu wa kutuarifu dosari mpya kabla hatujaisoma kwingine. Msaada wa usiku ni binadamu ndani ya dakika 30. Sheria za fungu la pili haziwashwi bila saini ya mkuu wa matengenezo. Na hakuna kifaa chochote cha kuingilia kwa mbali kinachofungwa kiwandani, na muuzaji yeyote, bila kupita kwetu.

Fungu la kwanza limeanza kuzuia wiki iliyopita. Fungu la pili bado ni kengele, sheria nne kati ya 31 ndizo zimeshasainiwa. Swichi ya baipasi iko mlangoni mwa kabati, kadi iko juu yake, na zamu ya usiku wameshaigeuza mara mbili kwa mazoezi wakati mitambo inafanya kazi.